Sindano Sita za Chuma

Mama yangu alikuwa na njia moja tu ya kumjua mbuzi mgonjwa. Humbana kichwa katikati ya magoti, humvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, na huitazama nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, mbuzi huachiliwa kwa kofi la mgongoni. Ikiwa nyeupe, hutengwa na wenzake. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote kule Hulugho, na siku aliposhuka kutoka kwenye lori la mifugo pale Garissa, kabla salamu hazijaisha, nikamfanyia yeye vilevile. Nyama ya ukope wake ilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Umenigeuza mbuzi, hooyo?" akaniuliza. Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lilelile ambalo mwana humwitia yeye, kwa hiyo tuliitana hooyo kwa hooyo maisha yetu yote.

"Huna damu," nikamwambia.

"Damu ninayo. Nimechoka tu na lori."

Hakuwa amechoka na lori. Nilipomshika mkono kumvusha barabara, nilihisi mfupa mtupu ndani ya mtandio. Alikuwa amekuja na mdogo wake, habaryar wangu, ambaye alinivuta kando akaninong'oneza yote: homa kila alasiri, jasho la kulowesha mkeka, chakula hakipiti, na hali hiyo ilianza tangu mvua zilipokataa. Baba alikuwa amefariki siku nyingi. Ndugu sikuwa nao. Mimi nilikuwa na mama tu, na mama alikuwa na mimi tu, na hapo kando ya barabara niliapa moyoni kwamba sitamrudisha Hulugho mpaka ukope ule uwe mwekundu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafanya kazi ya maabara katika kituo kidogo cha matibabu nyuma ya soko la mifugo, chenye vitanda sita, ambacho kilifungwa zamani na leo pale pamejengwa maduka. Nilisomea kazi hiyo Nairobi, nikiwa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe, na koti lile lilinipanda kichwani, sitaki kusema uongo. Daktari wetu alitoka ng'ambo ya daraja la Tana, sehemu ambayo sisi huiita Kenya, kana kwamba sisi tuko kwingine. Alikuwa mpole, mwenye mzaha. Nilipokuwa nikisema "bombo" badala ya "pampu", maana Kisomali hakina p, alinijibu "ndiyo, bwana bombo," tukacheka. Lakini juma alilofika mama, daktari alikuwa amekwenda kwao kuzika, na angekaa huko kama wiki mbili. Alipoondoka aliniambia jambo moja tu. Aliniambia nisianze kutibu kitu nisichokijua.

Na mimi nilikuwa najua kila kitu, wallahi. Hilo ndilo lililoniponza.

Nilimtoboa mama kidole, nikaingiza damu yake kwenye kijineli cha kioo, nikaongeza tone la maji, tone la maji, nikilinganisha rangi na ile ya kipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya unatia matone mengi kabla rangi hazijafanana. Kwa mama zilifanana upesi mno, hata nikadhani nimekosea, nikarudia. Alikuwa na chini ya nusu ya damu anayostahili kuwa nayo mwanamke.

Kisha nikapaka tone jingine kwenye kioo, nikalitia rangi, nikalitazama kwa hadubini. Hapa ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nitapaeleza taratibu. Mtu akikosa chuma mwilini, chembe nyekundu za damu huzaliwa ndogo, zimefifia katikati, zinafanana na pete. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta. Chembe za mama zilikuwa chache, kweli, lakini ukubwa wake ulikuwa wa kawaida na rangi yake ilikuwa ya kawaida. Niliona. Nilikaa pale nikiona kwa macho yangu mawili. Halafu nikajiambia: mwanamke anayeishi kwa maziwa na chai ya sukari, na maziwa hayana chuma cha maana, na ukame umemaliza nyama, hapo kuna la kuuliza? Nikaandika kwenye kitabu cha maabara: ukosefu wa chuma. Nilipiga mstari chini yake kwa rula.

Kwetu mbuzi akichinjwa, ini ndilo huiva kwanza, na hupewa mgonjwa au mwanamke aliyejifungua. Nilikuwa na rafiki mchinjaji pale sokoni, nikamwomba kila asubuhi aniwekee ini moja la mbuzi kabla hajafungua duka. Nililikaanga na vitunguu kidogo na samli, nikalipeleka kwa mama likiwa bado linatoa mvuke. Wanawake wengine waliolazwa walikuwa wakinitazama nikipita na sahani, wakisema mashallah, huyu amezaa mtoto. Nilipenda kusikia. Nilitembea polepole makusudi.

Mama alilitazama ini siku ya kwanza kwa muda mrefu. "Mdomo wangu haulitaki," alisema.

"Mdomo hauna elimu," nikamjibu.

Akalila lote.

Vidonge vya chuma nilimpa pia, lakini vilimsokota tumbo, akawa anajikunja. Basi nikaenda kwenye kabati la dawa, nikatoa sindano za chuma. Dawa yenyewe ni nyeusi, nzito, ina rangi ya kahawa iliyosahauliwa jikoni. Hudungwa kwenye tako, ndani kabisa ya nyama, na kabla hujadunga unatakiwa uivute ngozi pembeni ili dawa isirudi nje ikavuja chini ya ngozi. Nilijua hayo yote.

Lakini mama hakukubali kuvuliwa. Hakunifunulia mimi nyonga yake hata siku moja, tangu nilipopata akili, na sasa alikamata nguo yake kwa mikono miwili kama ninayemwibia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Ni nani anataka kuutazama uchi wa mama yake? Nikamwambia basi, nitakudunga mkononi. Mkono wake wa juu ulikuwa umebaki ngozi na mfupa. Nilidunga hapohapo. Mara ya pili mkono mwingine. Nilidunga mara sita katika siku kumi na mbili, tatu kila mkono, na kila mahali palibaki doa la hudhurungi, la ukubwa wa shilingi. Nilimwambia yatafutika yenyewe.

Ilikuwa wakati wa sindano ya tatu aliponiambia jambo ambalo hadi leo linanirudia nikiwa nafua, nikiwa nasubiri chai ichemke, popote. Alisema, "Hooyo, ngamia mwenye homa hapelekwi kwenye chumvi."

Nilijua anachosema. Ngamia wetu hupelekwa kwenye visima vya maji ya chumvi kila baada ya muda, wapate nguvu. Asipopata chumvi ngamia hudhoofu, manyoya yanatoka. Lakini akiwa na homa, mwenyewe humzuia, hata kama anaililia chumvi. Wazee hawasemi ni kwa nini. Ukimpeleka, anakufa, basi.

"Hooyo, wewe si ngamia," nikamwambia, nikacheka.

"Ngamia ana bahati," akasema. "Hakusomesha mtoto." Na yeye akacheka, na kicheko kikageuka pumzi fupi fupi mpaka habaryar akamwinua akakaa.

Homa ilipanda. Mwanzoni ilikuwa ikija alasiri tu, sasa ikawa inaamka naye. Nilimpa dawa ya malaria ingawa kwenye kioo hapakuwa na malaria. Nilipima damu tena nikitarajia rangi imepanda, nikakuta imeshuka. Nilipima mara tatu siku hiyo. Nikabadilisha kijineli, nikabadilisha kipimo, nikamlaumu yule aliyetengeneza kipimo huko alikokitengenezea. Nilianza kuogopa kweli. Mtu ukiogopa una njia mbili, unyamaze au ugombane, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Asubuhi moja aliigusa sahani ya ini kwa kidole na kuisukuma mbele kidogo. Kidogo tu. Nikamwambia mbele ya wanawake wote, "Hutaki kupona. Unataka ufe ili watu waseme elimu yangu ilikuwa bure." Watu husema kuna maneno ya kukata maini, basi yale ndiyo yenyewe. Wanawake wakatazama chini. Habaryar akafungua mdomo, mama akamshika kifundo cha mkono asiseme. Kisha akaivuta sahani, akala, tonge kwa tonge, akinitazama machoni mpaka ikabaki samli. Niliondoka na sahani tupu nikijiona nimeshinda.

Daktari alirudi baada ya siku kumi na nne. Alimtazama mama, akambonyeza tumbo, akamshika shingo, akafunua mikono yake akayaona madoa. Akaingia maabara, akakitoa kile kioo cha kwanza kwenye kisanduku, akakaa kwenye kiti changu akakitazama kwa hadubini. Alikaa sana.

"Nani alisema ni chuma?" akauliza.

"Mimi."

"Na hizi chembe ulizionaje?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi husema hivyo kwa wagonjwa. Mama yangu hakuwa ameficha kitu. Alikuja na homa yake wazi, na jasho lake, na mifupa yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimemficha nyuma ya mstari wa rula.

Daktari alichota damu mpya, akasema tutaipeleka Nairobi wapime vitu vitatu ambavyo sisi hatukuwa na mashine ya kuvipima: chuma kilichomo kwenye damu, chuma kilichohifadhiwa ghalani, na ile protini inayokibeba chuma kutoka hapa kwenda pale. Nilijua jina lake, transferini. Nilijua hata inakotengenezwa.

Siku hizo mabasi ya Nairobi hayakuwa yakitoka ovyo. Shifta, majambazi wenye bunduki, walikuwa barabarani, kwa hiyo magari yalikusanyika asubuhi yakasubiri polisi wayasindikize, na polisi wasipopatikana hakuna safari. Niliweka chupa za damu ya mama ndani ya chupa ya chai, nikajaza barafu kutoka duka la soda, nikaenda stendi. Siku ya kwanza wakasema kuna gari limeshambuliwa mbele huko, msafara hautoki. Nikarudi. Siku ya pili nikaenda na barafu mpya, nikarudi. Siku ya tatu nikaenda nikarudi. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe na ile chupa mapajani, jua likinipiga utosini, nikisoma kila sura ninayoijua, nikimwomba Mungu afungue barabara, nikimwomba na barafu isiyeyuke, nikichanganya dua hizo mbili. Siku ya nne daktari alichota damu upya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeharibika. Mama alinyoosha mkono bila kuuliza ile ya kwanza imekwenda wapi. Siku ya tano msafara ukatoka.

Karatasi ya majibu ilirudi baada ya wiki moja, mikononi mwa utingo, imekunjwa mara nne. Daktari aliifungua mezani akanionyesha kwa kidole mstari mmoja mmoja. Chuma kwenye damu: kidogo. Chuma ghalani: kingi, kingi sana. Transferini: kidogo.

"Sasa niambie," akasema, "kama angekuwa amekosa chuma kweli, transferini ingekuwaje?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Swali hilohilo niliulizwa chuoni, nikalijibu, nikapewa alama zote. Ini ndilo linaloitengeneza ile protini. Chuma kikipungua mwilini, ini huongeza wabebaji, hutoa wengi zaidi wazunguke kwenye damu wakitafuta kila chembe ya chuma iliyoko. Ghala likijaa, hupunguza. Na mwili ukishambuliwa na ugonjwa wa kudumu, ini hupunguza wabebaji hata kama damu inakauka, na chuma hufungiwa ghalani, kwa sababu vijidudu navyo vinataka chuma ili vizaane. Mwili huchagua kukaa na njaa kuliko kumlisha adui.

"Ingekuwa nyingi," nikasema.

"Na yake ni kidogo. Ini lake lilijua ana ugonjwa, tangu siku ile aliposhuka kwenye lori. Lilifunga mlango. Wewe ulikuwa unapitishia chuma dirishani."

Alisema kwa upole. Ningependa angenitukana.

Alirudi kitandani, akapapasa juu ya mfupa wa bega la mama, akapata tezi gumu, akalichoma kwa sindano nyembamba, akanipa kile kilichotoka. Rangi nyekundu nilitia mimi mwenyewe. Nilipasha kioo moto, nikakiosha kwa asidi, nikatia samawati juu yake. Kisha nikaangalia. Vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala kwenye samawati hapa viwili, pale vitatu, huku vingi. Niliacha kuvihesabu. Ilikuwa kifua kikuu, kile kisichokaa kifuani, kisichomfanya mtu akohoe, kinachojificha kwenye tezi na tumboni na kumla mtu polepole.

Nilimuuliza daktari kama ni mimi niliyemuua. Mama alikuwa bado hai, hatua ishirini kutoka tulipokuwa, na mimi niliuliza hivyohivyo, kama mambo yamekwisha.

"Sijui," akasema. "Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali kabla hajafika. Chuma kinaweza kuuongezea kasi. Kimeuongezea kiasi gani, hakuna ajuaye."

Dawa za kifua kikuu zilianzwa siku hiyohiyo. Wagonjwa wa aina yake walikuwa wakipelekwa kukaa manyatta ya wagonjwa, kijiji cha vibanda kilichokuwa pembeni mwa mji, miezi na miezi, lakini mama hakuweza hata kukaa wima, kwa hiyo daktari akamhamishia kwenye chumba cha stoo kilichokuwa na dirisha, peke yake na habaryar. Ini nikaacha kupeleka. Yule mchinjaji aliniuliza mgonjwa wako amepona nini, huji tena. Nikamwambia ndiyo, amepona.

Siku ya tatu ya dawa nilimweleza mama yote. Sikujua namna ya kusema protini kwa Kisomali, na hata ningejua ingemsaidia nini, kwa hiyo nilimwambia hivi: ini ni mwenye boma. Chuma ni maji kisimani. Ini lina ngamia wa mizigo linaowatuma kuyaleta. Kiu ikiwapata watu, hutuma ngamia wengi. Lakini lako, hooyo, liliwazuia ngamia nyumbani wakati watu wana kiu, nami sikuelewa, nikadhani maji yamekwisha duniani.

Aliniacha nimalize. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Palikuwa na shifta njiani," akasema.

"Ndiyo."

"Mwenye boma akisikia shifta hatoi ngamia. Afadhali watoto walie kiu siku mbili. Hata mtoto wa miaka saba anajua hilo." Akajigusa ubavu wa kulia. "Ini langu lina akili kukushinda wewe. Na halikwenda Nairobi."

Habaryar alicheka mpaka akafunika mdomo. Mimi nililia. Mama alipapasa hewani akitafuta kichwa changu, akaupata mkono, akaushika huo.

Nikamwambia anipe radhi yake. Nilisema nimekosa, nilimlazimisha, nilimwaibisha mbele ya watu, nilimtia chuma mwilini naye aliniambia nisifanye. Nilisema haraka haraka, kwa sababu niliona anachoka.

"Radhi unayo tangu zamani," akasema. "Unadhani kwa nini nilikula?"

Sikuelewa. Habaryar ndiye aliyenieleza, pale pale, huku akimpangusa dada yake mdomo. Kila asubuhi nilipotoka na sahani yangu tupu, mama alikuwa akitapika ini lote kwenye beseni, na habaryar alikuwa akilifunika kwa mtandio na kwenda kulimwaga nyuma ya choo kabla sijarudi. Siku zote. Alitaka kuniambia, mama akamkataza.

"Ungenikatalia tu, hooyo," nikasema. "Ungesema hapana."

"Chakula alichokupikia mwanao ukikisukuma, halafu ukafa," mama akasema, "yeye ataishi na nini? Atasema mama alikufa hajaridhika nami. Nilikuwa najua nakufa. Sikujua ni lini, ndiyo maana nilikula kila siku."

Alikaa siku sita zaidi. Homa ilishuka mwishoni, na mimi, mjinga nisiyekoma, nikaanza kutumaini tena, nikamvuta ukope asubuhi ya siku ya mwisho kuona kama una wekundu. Aliuondoa mkono wangu taratibu. Alifariki saa nne, jua likiwa limepanda, habaryar akimsomea shahada sikioni nami nimeshika miguu yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

Tulimwosha adhuhuri, sisi wawili na mwanamke mmoja wa mtaa anayejua kazi hiyo. Tulimfunika nguo kuanzia kitovuni hadi magotini kama inavyotakiwa, na yule mwanamke akamwosha huko chini kwa mkono wenye kitambaa, bila kutazama, kwa hiyo mama alistirika mpaka mwisho kama alivyotaka. Mikono ilikuwa wazi. Habaryar alikuwa anaosha mkono wa kulia kwa maji ya majani ya mkunazi. Alifika juu akaanza kusugua. Akaongeza maji, akasugua tena kwa kidole gumba, kwa bidii, maana maiti haiendi na uchafu. Nilimwangalia akihangaika na madoa yale matatu, kisha akazunguka upande wa kushoto akaanza na mengine matatu.

"Hayatoki," nikamwambia. "Acha, habaryar."

"Ni nini?"

"Ni ile dawa yangu. Chuma."

Aliliweka kopo chini. Alilitazama doa moja kwa karibu, akaligusa. "Kilibaki hapahapa siku zote hizi?"

"Kiasi kilibaki hapo."

"Hakikwenda kokote," akasema, si kwa kunilaumu, kama mtu anayetaka tu kufahamu.

Nikachukua kopo mimi. Tukammiminia maji ya mwisho, yenye kafuri, tukamkausha, na tukamvika sanda na madoa yake sita.